Sindano ya Mwosha

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na afadhali niliseme hilo mapema. Nikiondoka nyumbani bila kuitazama pasi mara mbili, nikifika shuleni naiona inaunguza meza. Mwanafunzi akipiga chafya tatu namtuma zahanati. Mama yangu alikuwa na mzaha wake: wasiwasi wangu ungekuwa nazi, tungefungua kiwanda cha mafuta hapa Dunda, na majirani wangekuja kuomba machicha. Alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi. Kisha ukapita karibu mwaka mzima hakuusema mzaha ule, na huo ndio mwaka ninaotaka kuueleza.

Mama ni mwosha. Mwanamke akifariki mtaani kwetu, kabla hata turubai halijafungwa, mtu hutumwa kwa mama. Yeye huchukua mfuko wake wa kitambaa wenye mkasi, pamba, udi na karafuu maiti, akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni la kazi, akaenda. Ameosha bibi zangu wote wawili. Ameosha mwalimu wangu wa madrasa. Ameosha na wanawake waliokuwa wakimsengenya walipokuwa hai, tena hao, nahisi, aliwaosha kwa upole zaidi.

Kazi hiyo ina sharti moja kubwa kuliko kujua kuosha. Anachokiona mwosha hakitoki chumbani. Mwili una habari zake: kovu ambalo hata mume hakulijua, jipu lililofichwa, alama za kuchanjwa mahali ambapo mcha Mungu hakutarajiwa kuwa nazo. Mwosha akitoka nje akasema, ni sawa na kumvua marehemu sanda mbele za watu. Watu wengine husema "mwosha huoshwa" wanapomtisha mtu aliyewatendea ubaya. Mama alikuwa akiniambia maneno hayohayo kwa sauti ya kunibembeleza: sitiri, na wewe utasitiriwa.

Alitaka nimrithi. Nilikuwa nimeshaingia naye mara tatu, kazi yangu ikiwa kumiminia maji tu, na mara zote tatu nilitoka nikisema sirudi tena. Alisema nitazoea.

Kisha mikono yake ikamkatalia. Ilianza vidoleni, asubuhi, vimevimba na kukakamaa, hawezi kufunga kifungo wala kukamua tui. Tulisema ni baridi yabisi, tukampaka mafuta ya nyonyo, tukamkanda kwa mchanga wa moto. Hospitali wakampa vidonge, vingine vya kila siku, vingine vya kila wiki. Uso ukamvimba kwa dawa, vidole vikabaki vilevile. Siku moja kwenye maosho alishindwa kukamua kitambaa. Mwanamke mwingine akakichukua mkononi mwake, taratibu. Mama akarudi nyumbani akaketi barazani na mfuko wake mapajani mpaka adhana ya alasiri. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huruma, maana sikuwa na wa kumgombeza.

Ndipo tukapelekwa hospitali moja kubwa Dar es Salaam, kwa daktari wa maradhi ya viungo. Alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, amejifunga ushungi wa kijivu. Akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaishika mikono yake akiibonyeza kifundo kwa kifundo huku akimtazama usoni. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nafundisha bailojia, sekondari."

"Basi utanisaidia kumweleza mama," akasema, akavuta karatasi.

Akachora duara, na kwenye ukingo wake akasimamisha vijiti vidogo kuzunguka pande zote. Hii ni seli, akasema, na vijiti hivi ni protini zilizokaa juu ya utando wake, zinaitwa vipokezi. Mwilini kuna protini nyingine inayotembea, kazi yake kupeleka habari ya hatari. Ikifika kwenye seli ikashikana na kipokezi, seli inaelewa kwamba kuna adui, inavimba, inaita wenzake. Adui akiisha, habari nayo hukoma. Kwa mama adui hayupo, lakini habari haikomi. Vinavyovimba ni viungo vyake mwenyewe.

Nikamgeukia mama. "Mama, ni kama mgeni anayebisha hodi. Wewe ulinifundisha hodi ni tatu, usipoitikiwa ondoka. Huyu anabisha kutwa kucha kwenye vifundo vyako, na wenye nyumba kila mara wanatoka na marungu, wanavunja vyombo vyao wenyewe."

"Hana adabu," mama akasema.

"Sindano anayotaka kukupa daktari inamkamata mkono kabla hajagusa mlango."

Mama akaipenda hiyo. Daktari naye akacheka, akasema ataiazima kwa wagonjwa wengine. Nikajiona mwalimu hodari. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyojiona.

Daktari akaweka kalamu chini. "Sasa nisikilizeni. Hodi nyingine ni za kweli. Kuna vijidudu vya kifua kikuu. Mtu anaweza kuvivuta akiwa kijana asiugue hata siku moja, kwa sababu seli za kinga zinavizunguka, zinashikana, zinavifungia humo miaka na miaka. Na kinachozifanya ziendelee kushikana ni habari ileile. Tukiizuia, uzio unalegea, vinatoka."

Akaonyesha picha ya kifua cha mama, safi. Kipimo cha ngozi hakikuvimba, akasema, lakini vidonge alivyokuwa akimeza vinaweza kukidanganya kipimo. "Kwa hiyo nategemea maneno yenu. Amewahi kuishi nyumbani kwenu mtu mwenye kifua kikuu? Kama amewahi, si tatizo kubwa. Nitampa mama dawa ya kinga kwanza, halafu ndiyo sindano."

"Hapana, mwanangu," mama akasema.

Hapo kikombe kikanijia akilini.

Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, chenye ua jekundu. Nilikuwa na miaka sita au saba. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuja kutoka Saadani na binti yake mdogo, akalazwa chumba cha uani. Tuliambiwa ana pumu. Kikombe kile kilikuwa chake peke yake. Mama alikisugua kwa majivu, akakichemsha kwenye sufuria, akakiweka juu ya kabati ambako sisi watoto hatukufika. Mama ndiye aliyelala naye chumba kimoja, akamlisha, akamgeuza, akamshikia bakuli alipokohoa. Alipofariki, mama alimwosha peke yake, mlango umefungwa. Baadaye sikukiona tena kikombe.

Nilimtazama mama pale hospitali. Naye akanitazama. Ni lile jicho alilonitupia utotoni nilipotaka kunyoosha mkono kwenye sahani ya pili nyumbani kwa watu. Fomu ilikuwa mapajani mwangu kwa sababu yeye haoni vizuri maandishi madogo. Nikaandika Hapana. Mimi, ninayerudi nusu ya njia kuitazama pasi, niliandika Hapana kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Nikajiambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba pumu ni pumu, kwamba mama anajua zaidi. Nilijua ninajidanganya.

Tukaanza sindano masika ilipoingia. Kila wiki mbili, siku ya Ijumaa, mimi ndiye niliyemchoma, pajani, nikisema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko yake. Dawa ilikaa kwenye friji, na kila umeme ulipokatika nililikimbilia friji utadhani mgonjwa yumo ndani. Nilipima baridi ya rafu kwa kiganja. Niliwakataza watu kufungua mlango hata kuchukua maji.

Na ilifanya kazi, hilo lazima niliseme kwa haki. Mwezi wa kwanza uvimbe ulipungua. Mwezi wa pili nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi mwenyewe, akaikamua mbele yangu kwa mikono miwili, tui likitiririka vidoleni, akaniangalia kwa kiburi cha mtoto. Nilikaa chini palepale. Wiki hiyohiyo walikuja kumwita kwenye msiba, akaenda na mfuko wake, akaosha mwanzo hadi mwisho, akasokota pamba, akakata sanda. Alirudi akiimba kaswida kwa chini. Mikono imerudi, akaniambia, mwanangu, mikono imerudi.

Ilipofika kipupwe nilianza kuona mashuka kwenye kamba. Asubuhi ya kwanza nilifurahi: mama ameamka mapema, amefua, amekamua shuka zima peke yake. Asubuhi ya pili nikafurahi tena. Siku ya nne nikasimama uani na chai yangu mkononi, nikitazama shuka likipepea, na furaha ikaniisha. Nani anafua shuka kila siku?

"Joto," mama akasema nilipomuuliza. "Nalowa jasho."

"Joto gani la kipupwe, mama? Mimi nalala na blanketi."

"Wewe una baridi ya wasiwasi," akasema, lakini hakucheka.

Nikaanza kumchunguza, na nilipoanza sikuweza kuacha. Baibui lilikuwa likimpwaya. Chakula alikipeleka mdomoni kwa adabu tu. Jioni alikuwa na homa ndogo ambayo asubuhi haipo. Jumatano moja nikimsuka nywele, vidole vyangu vikagusa uvimbe shingoni, chini ya sikio, ukubwa wa kunazi. Hakushtuka. Kumbe alikuwa akiujua.

Mkono wangu ukabaki palepale shingoni mwake. Nilifundisha habari za kinga kidato cha nne wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimechora duara na vijiti ubaoni. Nilikuwa nimewauliza wanafunzi, nini kitatokea tukizuia habari? Mmoja alijibu vizuri na nikampa alama.

"Mama," nikasema, "mama mdogo alikufa kwa nini?"

"Pumu."

"Mama."

Akajitoa mikononi mwangu na nywele zimesukwa nusu. Akaenda kufunga mlango wa mbele, akarudi, akaketi mbali kidogo nami.

"Alinishika mkono," akasema. "Siku mbili kabla. Akasema, dada, wakijua ni kifua kikuu watasema ni ule ugonjwa mwingine, maana watu hawatenganishi. Binti yangu hataolewa. Niapie. Nikaapa. Nikamwosha peke yangu ili asione mtu alivyokonda."

"Binti yake ameshaolewa, mama. Miaka mingi. Ana watoto."

"Na mjukuu anachumbiwa mwezi huu. Watu huuliza mpaka kwa bibi, hujui? Saadani ndogo ile. Neno likitoka hapa asubuhi, jioni liko kule."

"Daktari si mtu wa Saadani! Atajuaje mtu?"

"Nilipoapa sikusema isipokuwa daktari."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia maneno ambayo kila mtu huyajua, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia kwa ukali, kama namgombeza mwanafunzi.

"Maradhi yangu sijayaficha," akajibu taratibu. "Homa nimesema. Jasho nimesema. Ya mwenzangu ndiyo niliyoyasitiri. Tena yeye hawezi kujitetea, amekufa."

Mpaka leo sina jibu zuri. Nilichokuwa nacho ni hofu, tena hofu yenye sura: Ijumaa ilikuwa kesho kutwa, na Ijumaa ni siku ya sindano. Kila sindano, kama ninavyofikiri ndivyo, ilikuwa ikilegeza uzio zaidi. Nilimwambia hatutachoma. Akasema atachoma, amesharudishiwa mikono, hatairudisha tena. Nikaitoa sindano kwenye friji nikaificha ndani ya sanduku langu la nguo, kwenye joto, nikijua inaharibika na nikitaka iharibike. Halafu nikapiga simu hospitali.

Alhamisi tulikuwa mbele ya daktari. Mama alikuwa ameketi wima, mikono yake mizuri, iliyonyooka, imekunjana mapajani. Daktari akapapasa ile kunazi shingoni, akauliza kuhusu jasho, akauliza kuhusu kilo. Akasema huenda ni maambukizi ya koo, watu wengi wanayo kipindi hiki. Atatoa vidonge vya wiki moja, sindano aendelee nayo, kisha tuonane tena. Lakini aliposema hayo alikuwa akiitazama fomu, ile yenye mwandiko wangu. Akauliza mara ya pili swali lake la miezi iliyopita. "Mama, una hakika hakuwahi kuwepo mtu nyumbani?"

"Sina la kuongeza, mwanangu."

Nilimwona daktari akichukua kalamu kuandika, na nikajua akishaandika tutatoka mle chumbani.

"Alikuwepo," nikasema.

Sauti ilinitoka kubwa kupita kiasi. Nikasema ni mama mdogo wangu, alikufa kwa kifua kikuu nyumbani kwetu, mama alilala naye chumba kimoja mpaka mwisho, na ile Hapana niliiandika mimi. Nilisema kila kitu, hata kikombe. Nilikuwa kama mtu anayetapika, hawezi kuchagua kinachotoka.

Daktari hakunigombeza. Alikata mstari juu ya alichoanza kuandika, akaiandika upya karatasi, akasema sindano imesimama kuanzia sasa hivi, na leo hii tezi itachomwa sindano nyembamba wachukue maji yake wakapime. Mama alivuta upindo wa mtandio mpaka machoni. Kisha akamwambia daktari, si mimi, "Huyu ndiye niliyekuwa nikimfundisha kuosha."

Majibu yalipotoka, vijidudu walivikuta. Daktari akasema tungeliendelea na sindano tungelikuwa tunasema mambo mengine. Mama akaanzishiwa vidonge vya miezi sita. Nami nikapigwa picha ya kifua. Safi, kwa kadiri picha zinavyosema kweli.

Siku tatu nyumbani mama alizungumza nami kuhusu chumvi, maji na mlango tu. Siku ya nne aliniita barazani, akanionyesha nikae mkekani.

"Umeniponya," akasema. "Sikatai, na Mungu akulipe kheri. Lakini siku yangu ikifika, usiingie kwenye maosho yangu."

Kwetu mama huoshwa na binti yake kama binti anaweza. Ndiyo heshima ya mwisho. Hata asiyejua hushika kata ya maji akaelekezwa. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mtoto wako."

"Ndiyo maana nakwambia mwenyewe, usije ukaambiwa na watu mlangoni."

Nilitaka kumwambia kwamba nisingesema angeoshwa mwaka huuhuu. Nilikuwa nayo sentensi hiyo mdomoni, kamili, yenye makali yake. Niliimeza. Iliniuma, na bado inaniuma. Usiku na mchana nilikuwa nikigombana naye kichwani, na kichwani nilishinda kila mara.

Miezi sita nilimpelekea vidonge asubuhi na maji ya uvuguvugu. Alivipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, ile ahsante anayopewa muuguzi. Homa ikaisha. Kunazi ikanywea. Baibui likaanza kumkaa. Na kadiri hayo yalivyopona, vidole vikaanza kurudi vilikotoka. Kwanza kidole cha pete, kisha vyote, vikijikunja kuelekea kiganjani. Mfuko wa maosho ukaning'inia kwenye msumari wake. Daktari anasema ipo njia nyingine: seli ina milango mingi, zipo dawa zinazozuia protini nyingine, mlango mwingine, na huenda hizo zikauacha uzio usimame. Tutaona, anasema, tusiharakishe. Mimi nasikia neno "huenda" kuliko maneno mengine yote.

Mjukuu wa mama mdogo akaolewa Saadani. Tulikwenda. Siku mbili nzima nilikuwa nikiwatazama watu midomo. Wawili wakinong'ona karibu na sufuria za pilau, nasogea kuwasikiliza. Hakuna aliyesema kitu. Bibi harusi alitoka ukumbini amepambwa, ana pua ya mama mdogo. Mama alipiga vigelegele kwa nguvu mpaka akakohoa, na nilipomgeukia kwa hofu akanionyesha kwa kiganja kwamba ni vumbi.

Nilidhani baada ya harusi moyo wake utalegea. Haukulegea, au haukuniambia.

Mwezi uliopita, saa nne ya asubuhi ya Jumapili, walikuja kumwita. Bibi mmoja wa mtaa wa pili amefariki; waoshaji wengine wawili wamesafiri kwenye msiba wa Ubena. Mama akaitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nasahihisha madaftari. Nikainamisha kichwa kwenye madaftari.

"Chukua mfuko," akasema.

"Mama, wewe ulisema..."

"Nilisema kuhusu mimi. Huyu bibi ana kosa gani? Chukua mfuko, maji yanapoa."

Nilikuwa mikono yake. Yeye alisimama kichwani, akielekeza kwa sauti ndogo: shuka lisitoke kifuani, anza upande wa kulia, minya tumbo polepole kama unamlaza mtoto, majani ya mkunazi sasa, basi, maji safi. Nilikamua kitambaa, nikakikamua tena. Na katika kumgeuza yule bibi ubavu wa kushoto niliona kitu. Mama pia alikiona. Nilijua kwa sababu maelekezo yalikatika kidogo, kisha yakaendelea.

Tulipotoka, wanawake waliokaa mkekani wakainua nyuso. Mmoja, jirani wa siku nyingi, akanishika kanga. "Vipi mwenzetu? Ametulia?"

"Alhamdulillahi," nikasema. "Ametulia."

Tulirudi kwa miguu, mama mbele kidogo, kwa sababu hapendi nimshike mkono mbele za watu. Karibu na kona ya nyumbani akasimama ili nimfikie.

"Ulikiona?" akauliza.

"Niliona nini, mama?"

Akanitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwangu, na mimi nilijitahidi uso usiwe na kitu. Kisha akatingisha kichwa kukubali, akaendelea kutembea. Mlangoni akaniuliza kama nimezima pasi, na akacheka peke yake.

Nimeyaandika haya bila jina la mtu. Nimebadilisha mawili matatu, ili anayedhani anamjua mama mdogo akose. Hata kikombe, huenda hakikuwa na ua. Bado sijui kama kuandika hivi si kusema tena. Alichokuwa nacho yule bibi ubavuni sitakiandika hapa wala popote. Kuhusu maosho yake mwenyewe mama hajaniambia neno jipya, na mimi kila siku nataka kumuuliza, na kila siku naogopa.